Nimeitwa kazi ya muda wote kwenye bustani ya burudani, lakini naogopa zamu za usiku

Shikamoo Shangazi,

Naishi Kissimmee, Florida, na mume wangu na binti yetu wa miaka minne. Nafanya kazi kwenye bustani moja kubwa ya burudani karibu na Orlando, kitengo cha rolakosta, kile kitreni cha burudani kinachopanda na kushuka kwa kasi. Treni ikiingia jukwaani tunashusha watu, tunapakia wengine, halafu napita safu moja baada ya nyingine nikivuta kila kizuizi cha mapajani kwa mkono, hata kama taa ya mitambo imeshawaka kijani. Nikimaliza namwonyesha mwenzangu dole gumba, naye anaiachia. Radi ikikaribia tunasimamisha kila kitu, na sisi ndio tunaobaki kuwatuliza watu waliopanga foleni saa nzima. Kazi naipenda, sitakuficha.

Niliajiriwa kama mfanyakazi wa muda, na sasa naingia mwaka wa tatu. Nalipwa dola 18 kwa saa. Ratiba inatoka kwenye simu kila wiki: napewa zamu mbili tatu za uhakika, nyingine nazinyakua wenzangu wanapoziachia. Shule zikifungwa, kuanzia Juni hadi katikati ya Agosti, nafikisha hata saa 37 kwa wiki. Krismasi vilevile. Lakini Septemba ikiingia, watoto wamerudi shule na vimbunga vimeanza kutajwa kwenye taarifa ya habari, nashuka hadi saa 15. Kuna siku nafika kazini, baada ya saa tatu msimamizi anapita akiuliza nani anataka kwenda nyumbani mapema, na anayeondoka analipwa saa alizosimama tu. Nimejumlisha hati zangu za mshahara za miezi 12 iliyopita, zimefika saa 1,584.

Juzi msimamizi aliniita pembeni akaniambia kuna nafasi ya muda wote na jina langu limependekezwa. Malipo kwa saa yatabaki yaleyale. Kitakachobadilika ni kwamba nitapata bima ya afya, likizo yenye malipo na siku za ugonjwa. Sharti lao ni niwe tayari kwa zamu yoyote, siku yoyote, pamoja na zile za kufunga bustani ambazo humalizika saa saba usiku.

Hapo ndipo nilipokwama, Shangazi. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu kwa kujitegemea, analipwa kwa mzigo. Siku nne au tano kwa wiki halali nyumbani. Jirani yetu, mama mtu mzima, ananishikia mtoto hadi saa tatu usiku, na zaidi ya hapo siwezi kumwomba. Tena kila Jumanne na Alhamisi jioni niko chuoni, nachukua masomo ya kunitayarisha kuomba nafasi ya uuguzi, na yamebaki ya mihula miwili. Nikikubali zamu yoyote, shule imekwisha.

Upande wa pili, mwaka jana nilishikwa na mawe kwenye kibofu cha nyongo. Usiku mmoja tu kwenye idara ya dharura, na bili yake mpaka leo naikatia kidogo kidogo. Mtoto ana bima ya watoto ya jimbo, ile ya KidCare. Mimi na baba yake hatuna kitu.

Mume anasema nikubali hata kesho. Wenzangu wa muda wanasema tiketi za bure tunazo, punguzo madukani tunalo, ada ya masomo kampuni inatusaidia hata sisi, kwa hiyo muda wote wa nini? Na binti ya mama mdogo aliyeko Ohio ananishawishi nihamie kwake, eti bustani za msimu huko zinalipa zaidi kwa saa na unapewa na mahali pa kulala. Nimepewa wiki mbili nijibu. Nisaidie.

Mama wa Mmoja, Kissimmee

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonisimamisha ni namba uliyoitaja kama jambo la kupita: saa 1,584. Tuanze hapo, kwa sababu inawezekana kabisa bima wanayokuahidi pamoja na cheo kipya ulishaitolea jasho ukiwa kwenye cheo cha zamani.

Sheria ya bima ya afya ya Marekani, iliyotiwa saini mwaka 2010, haijali mwajiri amekuita nani. Inahesabu saa. Mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi wa muda wote anatakiwa kumfungulia nafasi ya bima mfanyakazi anayefikisha wastani wa saa 30 kwa wiki, au 130 kwa mwezi, la sivyo anajiweka kwenye hatari ya kutozwa adhabu na mamlaka ya kodi. Bustani kubwa kama hiyo haina pa kujificha kwenye kipengele cha watu 50. Kwa mtu ambaye saa zake hupanda na kushuka kama zako, sheria inamruhusu mwajiri kutumia kipindi cha kupimia kisichozidi miezi 12. Wanajumlisha saa zote walizokulipa ndani ya kipindi hicho, na wastani ukifika 30, kwa habari ya bima unahesabiwa mfanyakazi wa muda wote katika kipindi kinachofuata, hata kama Septemba itakushusha tena. Sasa piga hesabu. Saa 30 mara wiki 52 ni 1,560. Wewe una 1,584.

Usikimbilie kushangilia bado. Umevuka kwa saa 24 tu, na miezi 12 uliyoijumlisha wewe huenda siyo inayohesabiwa na ofisi. Kipindi chao kinaweza kuwa kimeanza Oktoba, au mwezi mwingine kabisa. Kinaweza pia kuwa kifupi kuliko miezi 12, na kikikatwa mahali pabaya, kikameza miezi mibaya na kukiacha kiangazi, unaweza kuangukia nje. Kwa hiyo kabla hujamjibu msimamizi, iandikie ofisi ya utumishi ujumbe mfupi wenye maswali mawili: kipindi changu cha kupimia saa kwa ajili ya bima kinaanza lini na kuisha lini, na hadi leo kinaonyesha nina saa ngapi. Uandike, usiulize kwa mdomo. Wala usimuulize msimamizi wa jukwaani, kwa sababu yeye kazi yake ni treni na zamu, na mambo haya hayapiti mezani kwake. Nimewaona watu wengi waliojibiwa na msimamizi kwa nia njema kabisa kwamba "wa muda hawana bima", wakaamini, wakaendelea kulipia hospitali mfukoni.

Saa hizohizo zimekufungulia milango mingine ambayo sidhani kama kuna aliyekuonyesha. Sheria ya likizo ya familia na matibabu ya mwaka 1993 inampa haki ya wiki 12 bila malipo, huku kazi yake ikimsubiri, mtu aliyetumikia miezi 12 na kufikisha saa 1,250 katika mwaka uliopita, mradi mwajiri ana watu 50 katika eneo la maili 75. Unazo. Yale mawe ya nyongo yakirudi, ukahitaji kupasuliwa na kupumzika, hawaruhusiwi kukuondoa kazini kwa sababu hiyo, ukiwa wa muda au wa muda wote. Na kama kampuni ina akiba ya uzeeni ya 401(k), kigezo cha kisheria cha kuingia ni saa 1,000 kwa mwaka kwa mtu aliyetimiza miaka 21. Tangu mwaka 2025 hata mwenye saa 500 kwa miaka miwili mfululizo anatakiwa kuruhusiwa kuweka akiba, ingawa huyo mwajiri halazimiki kumwongezea chake. Wewe umezidi 1,000. Uliza kama kuna mchango wa mwajiri, maana huo ukiuacha, ni mshahara wako umeuacha.

Wenzako basi wana haki nusu. Tiketi na punguzo madukani kwa kawaida huwafikia wote, japo idadi hutofautiana. Ada nayo, kampuni kadhaa kubwa hazibagui tena. Disney ilipoanzisha mpango wake wa kulipia masomo mwaka 2018 iliufungua kwa wafanyakazi wa saa wa muda na wa muda wote. Kampuni inayoendesha bustani ya burudani ya Dollywood kule Tennessee, kuanzia Februari 2022, ilikwenda mbali zaidi: hata wa msimu, tangu siku ya kwanza kazini. Angalia tu kama chuo chako na masomo yako vimo kwenye orodha ya kampuni yako, kwani mipango hii huwa na vyuo vyake, na masomo ya uuguzi yenye mafunzo ya hospitalini mara nyingi hayapatikani kwa njia ya mtandao. Msaada wa masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka hautozwi kodi ya mapato.

Nusu nyingine wanakosea. Kuna vitu ambavyo hakuna sheria itakayokupa, si ya shirikisho wala ya Florida, hata ufanye saa ngapi: siku za ugonjwa zenye malipo, likizo yenye malipo, na saa za uhakika. Florida haimlazimishi mwajiri binafsi kukulipa hata siku moja ya kuugua. Hivi vitatu vinatoka kwenye sera ya kampuni au kwenye mkataba wa chama cha wafanyakazi, na ndivyo hasa unavyouziwa ukiambiwa muda wote. Ukitaka kujua uzito wa chama, tazama Walt Disney World: mwaka 2023 muungano wa vyama unaowakilisha wafanyakazi wapatao 45,000 ulipata makubaliano ya kufikisha kima cha chini dola 18 kwa saa kabla mwaka haujaisha, na ndani yake wakaingiza wiki nane za likizo yenye malipo kwa mzazi mwenye mtoto mpya. Kama bustani yako ina chama, tafuta mwakilishi wake wiki hii na umwombe kijitabu cha mkataba wa muda wote na cha wa muda, uvisome kwa pamoja.

Katika hivyo vitatu, kinachonisumbua zaidi kwako ni saa za uhakika. Watu husikia muda wote wakajiona tayari wana saa 40. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, inayotuwekea ovataimu baada ya saa 40 kwa wiki, haikusema popote muda wote ni saa ngapi. Imemwachia mwajiri. Kuna wanaohakikisha 40, kuna wanaohakikisha 32, na kuna wasiohakikisha kitu, wanakupa tu kipaumbele cha zamu. Ona tofauti kwa dola zako 18. Saa 40 kwa mwaka mzima ni saa 2,080, yaani unaongeza saa 496 juu ya ulizofanya, sawa na dola 8,928 kabla ya kodi na makato ya bima. Saa 32 ni 1,664 kwa mwaka, unaongeza 80 tu, dola 1,440. Fedha hizo za pili mlezi wa mtoto wa usiku atazimaliza kabla ya Pasaka. Kwa hiyo msimamizi akikuambia "utakuwa wa muda wote", muulize: saa za chini kabisa mnazonihakikishia Septemba ni ngapi, na ule utaratibu wa kurudishwa nyumbani mapema, kwa wa muda wote ni hiari au ni amri?

Kuna jambo jingine linalonielemeza upande wa kukubali, na ni zito. Mwishoni mwa Septemba 2020, wakati wa korona, Disney ilitangaza kupunguza watu wapatao 28,000 kwenye bustani na biashara zake zinazohusiana nazo nchini Marekani, na ikasema karibu asilimia 67 yao walikuwa wafanyakazi wa muda. Biashara ya burudani ikitikisika, wa muda ndio wanaotikiswa kwanza. Na Florida ukikosa kazi, fidia ya jimbo haizidi dola 275 kwa wiki. Nyumba yenu ina kipato cha lori kinachokwenda kwa mzigo na kipato cha rolakosta kinachokwenda kwa msimu. Mmoja wenu anahitaji kusimama mahali pasipoyumba.

Lakini mtoto wa miaka minne haachwi peke yake saa saba usiku, na hapo sitaki mtu akushinikize, hata mumeo. Yeye anaiona bima, naye ana haki, ila siku nne au tano kwa wiki yuko barabarani, na anayebaki na usiku ni wewe. Keti naye akirudi, mweleze saa kwa saa wiki ya zamu za kufunga itakuwaje: nani anamlaza mtoto, nani anaamka naye akipata homa, unarudi saa ngapi, asubuhi nani anampeleka. Akishaiona wiki yenyewe, mtazungumza lugha moja.

Halafu fikiria jambo ambalo hukuliandika. Rolakosta inafungwa na bustani, ndiyo maana zamu zako zinakwenda usiku wa manane. Lakini bustani ya burudani ni mji mzima, na kazi nyingi za mji huo huanza alfajiri na kuisha mchana. Kuna ghala la sare, ambako wafanyakazi wanapokea na kurudisha nguo. Kuna dobi, kuna majiko yanayoandaa chakula cha mikahawa yote kabla milango haijafunguliwa, kuna kupokea mizigo, kuna lango la tiketi ambalo shughuli yake kubwa ni asubuhi. Kuna mapokezi ya mafunzo kwa waajiriwa wapya, na mtu aliyesimama jukwaani miaka miwili bila dosari ndiye wanayemtafuta kufundisha. Waambie unaitaka nafasi ya muda wote, na uulize ni vitengo gani vina nafasi hiyo kwa zamu za asubuhi. Najua unaipenda treni yako. Kwa miaka hii miwili mitatu ya kulea na kusoma, unaweza kuitazama ukipita kwenda kazini.

Kama kitengo hakibadiliki, bado omba siku mbili za mapumziko zisizohamishika, Jumanne na Alhamisi. Wa muda wote kwenye bustani nyingi hupata siku za mapumziko za kudumu kwa ukongwe kazini, na siku za katikati ya wiki ndizo rahisi kupata kwa sababu wengine wanagombea Jumamosi na Jumapili. Kwa bahati nzuri unazozihitaji wewe ndizo zisizogombewa. Ila uliza ukongwe wako utahesabiwa kuanzia lini. Kwingine miaka uliyofanya kama mfanyakazi wa muda inakwenda na wewe, kwingine unaanza upya mkiani siku unayobadilisha hadhi, na ukiwa mkiani zamu za kufunga zitakuangukia wewe kila wiki. Uliza pia kama mtu anaruhusiwa kurudi kuwa wa muda mambo yakimshinda.

Kuhusu mumeo na bima. Sheria inamtaka mwajiri mkubwa amfungulie nafasi mfanyakazi pamoja na watoto wake hadi wafikishe miaka 26. Mwenzi wa ndoa hayumo. Waajiri wengi humkubali, lakini gharama ya kumwongeza inaweza kukushtua, kwa hiyo omba karatasi yenye makato ya viwango vyote: wewe peke yako, wewe na mumeo, familia nzima. Ikiwa bima ya familia itawagharimu zaidi ya sehemu fulani ya kipato cha nyumba (kwa mwaka 2026 ni asilimia 9.96), basi tangu mabadiliko ya mwaka 2023 mumeo anaweza kutafuta bima yenye ruzuku kupitia HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya kununulia bima, ikiwa kipato chenu kinaruhusu na mnawasilisha kodi pamoja, hata kama yako ya kazini ni nafuu. Zamani nyumba nzima ilifungiwa nje kwa sababu ya bima ya mtu mmoja. Mtoto msimtoe KidCare mpaka mtakapokuwa na kadi ya bima mpya mkononi. Na fahamu kwamba hata ukianza kazi ya muda wote kesho, bima inaweza kuchukua hadi siku 90 kuanza, ndiyo kisheria.

Ohio usinipeleke mbali. Ni kweli baadhi ya bustani za huko zimewahi kupandisha malipo. Cedar Point ya Sandusky ilitangaza dola 20 kwa saa kwa wafanyakazi wa msimu mwaka 2021. Ila bustani isiyofunguliwa zaidi ya miezi saba kwa mwaka sheria ya shirikisho inaiondolea wajibu wa kulipa ovataimu, hivyo wiki ya saa 60 inaweza kulipwa kwa kiwango kilekile. Msimu ukiisha huna kazi, na chumba unachopewa ni cha kijana asiye na mtoto. Mwambie binti ya mama mdogo asante.

Sasa jibu langu. Kubali kazi ya muda wote ikiwa watakuandikia mambo mawili: saa za chini kwa wiki zisizopungua 36, na ama kitengo cha asubuhi ama Jumanne na Alhamisi zako zisiguswe. Barua pepe ya msimamizi inatosha, mradi ina tarehe na jina lake. Wakikubali hayo, usisite, saini. Wakikuambia "tutaona", baki ulipo mpaka umalize mihula miwili, huku ukidai bima kwa saa zako kama ofisi itathibitisha zimefika. Na kama utabaki, hesabu saa zako kila mwezi kwenye daftari na uhakikishe hazishuki chini ya 130 kwa wastani. Septemba nyakua zamu kwenye vitengo vingine ulivyofundishwa, maana ni mwezi huo utakaokuangusha. Nakwambia wazi kwamba njia hii ya pili ina hatari yake: saa za mfanyakazi wa muda ziko mikononi mwa anayepanga ratiba, na mwakani anaweza kukupa 28 bila kuvunja sheria yoyote. Ichukue kama daraja la kukufikisha mwisho wa masomo, usihamie juu yake.

Msimamizi wako mjibu mapema, usisubiri siku ya 14. Mshukuru kwa kukupendekeza, mwambie unaitaka nafasi, kisha weka maswali yako mezani. Anayeuliza maswali haya kwa heshima haonekani mgumu. Anaonekana mtu anayepanga kukaa.

Na ile bili ya idara ya dharura. Kama hospitali hiyo ni ya shirika lisilolenga faida, sheria inaitaka iwe na utaratibu wa maandishi wa msaada wa malipo kwa wenye kipato kidogo, na una siku 240 tangu bili ya kwanza uliyotumiwa baada ya kutoka hospitalini kuomba, hata kama ulishaanza kulipa kidogo kidogo. Tafuta tarehe ya bili ile ya kwanza leo usiku. Ikiwa siku hazijapita, piga simu asubuhi uombe fomu ya msaada, ambatanisha hati zako za mshahara na nakala ya kodi yenu ya mwaka jana, na uwaombe wasipeleke deni lako kwa wakusanya madeni wakati ombi linashughulikiwa.

Shangazi yako